Anapima Vyombo vya Muziki kwa Sauti ya Mkewe

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Hamsingizii shetani, halaumu mtandao, wala hasemi alipuliziwa dawa.

"Nilikuwa na akili zangu timamu," anasema huku akifungua zipu ya begi lake sakafuni. "Ndiyo maana inauma. Ningekuwa nimelewa, ningepata pa kuegemea."

Ni saa nne asubuhi na yuko kwenye sebule ya watu. Amepiga magoti juu ya zulia, pua ameizamisha kwenye matundu ya nyuma ya mikisa iliyotumika, ile meza ya vitufe inayokusanya sauti za maikrofoni zote ukumbini na kuzipeleka kwenye spika. Anainusa kama mtu anayenusa maziwa ya jana. Chombo kilichowahi kuungua hubaki na harufu yake, hata kikifutwa vumbi na kupakwa rangi mpya.

Mwenye sebule, mjane wa mpiga kinanda, amekaa kwenye kiti kilicho karibu na swichi ya ukutani. Tangu wageni waingie hajaondoa mkono kwenye swichi hiyo. Karibu na mlango amekaa mke wa fundi, mkoba mapajani, mikono miwili juu ya mkoba. Fedha zimo humo. Ndilo sharti alilolitoa kabla hawajatoka nyumbani: masikio yatakuwa ya mume, mkoba utakuwa wa mke.

Mitaani wanamwita Moja-Mbili. Jina alilopewa na wazazi wake linajulikana kwa mama yake na kwa ofisi ya vitambulisho. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano amekuwa akikodisha muziki kwenye harusi, mahafali, mikutano na misiba, na kila anapofika, neno la kwanza watu wanalomsikia akisema ni "moja, mbili, moja, mbili" kwenye maikrofoni. Hajawahi kufika tatu. Wanaopenda kumchokoza humwambia shule yake iliishia hapo.

"Tatu inalipiwa," huwajibu.

Kazi yenyewe haijamtajirisha. Harusi moja, akishamlipa mwenye gari la mizigo na vijana wa kubeba, humwachia chakula cha wiki na ada ya pacha mmoja. Pacha wa pili husubiri harusi inayofuata. Kinachomshikilia ni ukumbi mmoja anamofunga vyombo vya muziki kila mwisho wa wiki, mvua inyeshe au jua liwake. Mkewe, ambaye mtaa mzima humwita Mama Pacha, hushona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao.

Mikisa yake ya kwanza ilifia harusini. Mjomba wa bibi harusi alikuja kuomba wimbo, akatua soda yake juu ya mikisa kama vile ni meza ya kwake nyumbani, kisha akaanza kucheza pale pale. Kiwiko kimoja kikatosha. Chombo kikanguruma, kikakohoa, kikanyamaza. Mjomba akawa wa kwanza kulalamika kwamba muziki umekatika.

Mikisa mpya haikuwa saizi ya mfuko wake. Moja-Mbili akafanya wanavyofanya wengi siku hizi: akaegemea ukuta, akafungua simu, akaanza kupekua matangazo ya vitu vilivyotumika.

Lile tangazo lilikuwa na kila kitu. Picha zilikuwa safi, vitufe vinang'aa, na bei ilikuwa nusu ya kawaida. Muuzaji alieleza kwamba anahama nchi na hana pa kuiacha mali yake. Alikuwa mnyenyekevu pia. Alimwita "kaka mkubwa", akamwambia kwamba kwa fundi kama yeye hana la kufundisha.

"Hapo ndipo ningetakiwa kushtuka," anasema Moja-Mbili. "Mtu anayeuza anakusifia wewe badala ya kusifia mali yake. Lakini nani anachoka kusifiwa?"

Hata hivyo, hakutaka kuonekana mshamba. Alimwandikia muuzaji kwamba picha hazimshibishi, anataka kusikia. Haikupita saa moja akatumiwa video. Mkono wa mtu ulikuwa ukisogeza vitufe vya mikisa, na muziki ulikuwa unapiga.

Kwa kuwa spika ya simu ni ndogo na haitoi besi, Moja-Mbili akaona aisikilize video hiyo kitaalamu. Akachukua waya, akaunganisha simu na amplifaya yake, amplifaya akaiunganisha na spika zake mbili kubwa, akazielekeza uani, akafungulia.

Besi ikatoka. Mkasi wa Mama Pacha ukaanza kutembea wenyewe juu ya meza ya kukatia. Jirani yao, fundi viatu, akaja mbio na kiatu cha mteja mkononi, akasimama akisikiliza, akasema hiyo siyo mikisa, hiyo ni mashine. Mapacha wakacheza. Moja-Mbili akapunguza sauti, akamgeukia mkewe na kusema maneno ambayo hadi leo hayajasahaulika ndani ya nyumba ile.

"Sikio langu halijawahi kunidanganya."

Fedha zilikuwa za mkewe. Mama Pacha alikuwa amejinyima kwa muda mrefu ili anunue ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo zisifumuke nyuzi. Bila hiyo, kila sare anayoshona huipeleka kwa fundi mwingine kumaliziwa, na sehemu ya faida hubaki huko. Mumewe aliomba azikope. Alimwahidi kwamba ukumbi utazirudisha kabla shule hazijafunguliwa. Zikatumwa kwa simu, zote, pamoja na nauli ya mzigo. Baadaye muuzaji akakumbuka kwamba kuna gharama ya kufungasha. Nayo ikatumwa.

Mzigo ulikuja kwa basi. Moja-Mbili aliunyanyua kwenye ofisi ya vifurushi na kuona uzito ni wenyewe. Ndani kulikuwa na kitu kinachogongagonga. Akamwambia karani asijali, ni skrubu moja imelegea njiani, ataikaza.

Nyumbani alichana makaratasi mbele ya familia. Ikatokea sura ya mikisa, na vitufe vyake vimejipanga safu kwa safu. Akashika kimoja akizungushe. Kikamfuata mkononi. Akashika cha pili, nacho kikaja. Vitufe vilikuwa vimegandishwa kwa gundi juu ya bati, bati limepigiliwa kwenye sanduku la mbao, na ndani ya sanduku mlikuwa na kokoto.

"Gundi ilikuwa nzuri, lakini," anasema. "Kwenye gundi siwezi kuwasema vibaya."

Simu ya muuzaji haikupatikana tena. Mama Pacha wakati huo alikuwa anapima sare, midomo imebana pini. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa, kisha akamuuliza mumewe: ile besi iliyotembeza mkasi wangu ilitoka wapi?

Akajibu kwamba ilitoka kwenye mikisa.

"Mikisa ilikuwa hapa siku hiyo?"

Haikuwa hapa.

"Sasa hapa kilichokuwa kinapiga ni nini, Baba Pacha?"

Moja-Mbili akaufuata kichwani ule waya wa siku ile, toka kwenye simu hadi kwenye spika. Kilichokuwa kinapiga ni spika zake mwenyewe, kwa amplifaya yake mwenyewe. Muuzaji alikuwa amechukua video ya mtu fulani na kubandika wimbo safi juu yake. Fundi wa sauti wa miaka yote hiyo alikuwa ameisifia mali yake, kisha akailipia kwa fedha za mkewe.

Alikwenda kuripoti. Askari aliyechukua maelezo alimuuliza anafanya kazi gani, naye akasema ni mtaalamu wa sauti. Askari akakohoa kwa muda mrefu.

Jioni hiyo Mama Pacha alisema yote yaliyokuwa kifuani. Alianza chini, karibu na kunong'ona, akapanda taratibu hadi jirani fundi viatu akazima redio yake asikilize vizuri. Moja-Mbili alikuwa ameshika simu. Anakiri kwamba aliibonyeza irekodi, akikusudia kumpelekea dada yake mkubwa ili aje amwombee msamaha kwa wifi yake.

Dada hakutumiwa. Siku kadhaa baadaye, akijaribu spika ya mteja, Moja-Mbili alikosea kubonyeza na ile sauti ikatoka. Akataka kuizima, akasita. Ilikuwa na kila kitu ambacho fundi hutafuta: mnong'ono wa chini, herufi kali zinazokata kama wembe, kisha kilele ambacho chombo kibovu hakikiwezi.

"Wimbo ni mtamu, utamu unaficha kasoro," anaeleza. "Mke wangu siku ile hakuwa na utamu wowote. Na ndiyo sauti ninayoijua kuliko zote hapa duniani. Spika ikimtoa mpole, naikataa. Imeharibika hiyo."

Akachagua sentensi moja, akaikata, akaihifadhi. Imeshasikika kwenye sebule nyingi, magengeni na kwenye stoo za watu asiowajua. Hadi asubuhi ya leo, mwenye sauti alikuwa hajui.

Habari za kokoto alizieneza yeye mwenyewe, maana aliona afadhali achekwe kwa maneno yake kuliko kwa maneno ya watu. Ikawa kila aliyewahi kulizwa anamfuata kumsimulia la kwake. Kinyozi mmoja alinunua spika kubwa iliyokuwa na kispika cha redio ndogo ndani. Kiongozi wa kwaya alilipia maikrofoni zisizotumia waya, na kweli hazikuwa na waya, wala kitu kingine. Kutoka hapo wakaanza kumwomba awasindikize wanapokwenda kununua. Leo kusindikiza wanunuzi kunampa karibu robo ya kipato chake.

Utaratibu wake huanzia kwenye simu. Humwomba muuzaji aweke kijiko juu ya chombo, apige picha, amtumie. Mwizi ana picha za chombo kutoka kwa watu wengine, lakini picha yenye kijiko hana. Mmoja alimjibu kwa hasira kwamba yeye si mpishi. Mwingine alimtumia picha ya kijiko peke yake, na Moja-Mbili akamuuliza hicho kijiko anauza bei gani.

Hatoi arubuni hata kwa muuzaji anayelia. Akiambiwa kuna mteja mwingine yuko njiani, humwambia muuzaji ampe huyo; huyo asipotokea, yeye yupo. Bei ikiwa ya chini mno, huagiza maji ya kunywa kwanza, atulie. Na hakutani na mtu barabarani wala kwenye maegesho ya magari, hata chombo kiwe kizuri vipi kwa macho.

"Spika bila umeme ni stuli," anasema. "Tukutane penye soketi. Kama huna soketi, basi unauza stuli, tuongee bei ya stuli."

Siyo kwamba hakosei tena. Kuna kijana muuzaji ambaye Moja-Mbili alizikataa spika zake mbili kwa sababu tu kijana huyo alikuwa anaongea haraka haraka. Kumbe alikuwa na kigugumizi na alikuwa anakikimbia. Spika hizo sasa zinapiga kwa mshindani wake, na Moja-Mbili akipita pale hutazama upande wa pili wa barabara.

Mshindani huyo ndiye anayemnyima usingizi kwa sasa. Tangu ile ajali ya soda, ukumbini Moja-Mbili amekuwa akitumia mikisa ya kuazima, na mwenye mikisa hiyo anaihitaji mwisho wa mwezi huu. Msimamizi wa ukumbi alimwita kando juzi, akamwambia kuna mtu mwenye vyombo kamili ameomba kazi ile.

"Fundi, mimi nakupenda, na shemeji namheshimu," alimwambia. "Lakini mapenzi hayatoi sauti."

Bila mikisa, ukumbi unaondoka. Ukumbi ukiondoka, hakuna mwisho wa wiki wa kutegemea. Na fedha pekee zilizopo nyumbani ni zile ambazo Mama Pacha ameanza kuziweka upya, sare kwa sare, kwa ajili ya ileile ovaloki. Ndizo zilizomo kwenye mkoba ulio mapajani mwake. Zikipotea mara ya pili, amesema, hatapiga kelele. Mumewe anasema hilo ndilo linalomtisha.

Tangazo la mjane halikuwa la kuvutia. Picha ilipigwa kwenye giza, bei ilikuwa ya kawaida, na maelezo yalikuwa mafupi: mikisa ya marehemu mume wangu, inafanya kazi, njoo uone. Moja-Mbili aliomba picha yenye kijiko. Mjane alituma yenye mwiko. Kisha akaandika: na wewe weka kijiko juu ya fedha, upige picha, unitumie.

Naye alikuwa ameshalizwa. Aliuza amplifaya ya marehemu kwa kijana mstaarabu aliyemwonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu, wenye jina lake na kila kitu. Amplifaya ilipopakiwa na gari kuondoka, alikwenda kuangalia salio, akakuta hakuna kilichoingia. Ujumbe ulikuwa wa kutengeneza. Tangu siku hiyo anataka fedha taslimu mkononi, na chombo hakitoki mlangoni kabla hajazishika.

Kwa hiyo Mama Pacha alitandika fedha mezani, akaweka kijiko cha chai juu yake, wakapiga picha. Anasema hapo ndipo alipoanza kumpenda yule mama kabla hajamwona.

Njiani kuja hapa Moja-Mbili alimweleza mkewe mpango wake. Kuna chumba kitupu karibu na kwa fundi viatu. Anataka kukipanga, aweke meza, soketi imara na spika moja anayoijua vizuri. Muuzaji atakuja na chombo, mnunuzi atakuja na fedha, fedha zitakaa mezani hadi sauti isikike, na kila mmoja atamlipa kidogo kwa kuwakutanisha. Mama Pacha alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema chumba hicho kina mwanga mzuri wa dirishani, ovaloki ingekaa pale.

Hata hivyo, alimpa onyo moja kabla ya kubisha hodi. Kwenye kazi yake ya kushona, hakuna mteja asiyemvumilia kama yule anayeuona mshono umenyooka akausema umepinda, ili apunguziwe. "Huyo hata kifungo simpigii," alisema. Moja-Mbili akaitikia kwa kichwa, akidhani ni habari za nguo.

Sasa amemaliza kunusa. Anatoa kwenye begi spika yake ndogo aliyotembea nayo miaka mingi, anaiunganisha na mikisa, anachomeka simu. Safari hii anajua kila kitu kilicho kwenye ule waya isipokuwa kitu kimoja, nacho ni mali inayouzwa. Anamwomba mjane umeme. Mjane anamtazama Mama Pacha, anautazama mkoba, ndipo anabonyeza swichi.

Taa nyekundu ya mikisa inawaka. Moja-Mbili anabonyeza simu.

"Sikio halijawahi kukudanganya," inasema sauti ya mwanamke, na sebule nzima inajaa. "Basi sikio hilohilo lishone sare, mimi nipumzike."

Mjane anaitazama spika. Kisha anageuza shingo taratibu na kumtazama mgeni aliyekaa karibu na mlango.

"Mwanangu, huyu si wewe?"

"Ni mimi, mama," anajibu Mama Pacha. Macho yake yako kwenye kisogo cha mumewe.

Kisogo hakigeuki. Moja-Mbili anahamisha waya kwenye tundu la pili, sauti inarudia. Tundu la tatu, inarudia. Anasogeza kila kitufe juu na chini, anazungusha kila kinachozunguka, na kila mara sare zinataka kushonwa na mkewe anataka kupumzika. Hakuna tundu linalokatika wala kitufe kinachonguruma. Ukimtazama, unajua ameshaipenda mikisa ile: ameanza kuguna wimbo kwa chini.

Lakini soko nalo lina mazoea yake. Anakaa kitako, anakunja uso, anajikuna shingo.

"Mama, chombo ni kizuri, siwezi kukataa," anaanza. "Ila sauti ya juu inakwaruza. Hapo mwishoni, kwenye 'nipumzike', umesikia? Hapo itabidi unipunguzie."

Mjane anasema marehemu aliitumia mikisa hiyo hadi mwaka wake wa mwisho, na haijawahi kukwaruza. Moja-Mbili anasema kwa upole kwamba mtu huzoea kitu cha mtu wake, hata kikikwaruza haoni. Mjane anasema bei aliyoitaja kwenye simu ndiyo bei, na mkono wake unarudi kwenye swichi. Moja-Mbili anataja bei yake, ya chini. Mjane anamuuliza kama kijiko alichokiweka juu ya fedha kimezila. Moja-Mbili anacheka, lakini hashuki.

"Mimi nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi, mama," anasema. "Kwa mambo ya kukwaruza, sikio langu..."

Hamalizi. Mama Pacha amesimama. Anapita katikati yao, anafungua mkoba, anatoa fedha zote na kuziweka kwenye kiganja cha mjane, bei ileile ya kwenye simu. Kisha anamgeukia mumewe, ambaye bado yuko chini kwenye zulia.

"Haikwaruzi, Baba Pacha," anasema. "Hapo nilikuwa nimekasirika. Kama unataka kulinganisha, naweza kurudia."